Tangi la Kuoshea Filamu Nyumbani: Rili ya Plastiki Dhidi ya Jasho la Kisumu

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Leo ni hili tangi jeusi la plastiki la kuoshea filamu za nyeusi na nyeupe. Linabeba rili mbili, halipitishi mwanga, hayo mnayajua, tusimalize bando. Shida yangu ni hii rili, gurudumu lenye mifereji ambamo filamu huzungushwa ili dawa ifike kila mahali. Hii ndiyo inawakimbiza watu wa huku warudi kwa dijitali.

Tazameni mkono wangu. Nafanya kwenye mwanga na filamu mbovu ili muone. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya mfuko mweusi. Kata ncha ya filamu inyooke, mkasi upite kati ya tundu na tundu. Ukikata juu ya tundu, utabaki na meno yanayokwama. Punguza pembe mbili kidogo, milimita moja inatosha. Linganisha haya masikio mawili ya rili, sukuma filamu ipite gololi ndogo zinazoishika, kisha zungusha upande mmoja: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Sikilizeni. Krrr. Tamu, si ndiyo?

Sasa naweka tone moja la maji kwenye mfereji. Mbele, nyuma... hapo. Imegoma. Emulsheni, ule utando wa filamu unaobeba picha, ikiguswa na unyevu inavimba na kunata, na mchana wa Kisumu mikono ndani ya mfuko hailowi kwa maji, inalowa kwa jasho. Ukilazimisha, filamu inakunjika na picha inapata alama ya mwezi mchanga. Au inaruka mfereji, mizunguko miwili inagusana, na hapo dawa haifiki kabisa. Kwa hivyo ikigoma, usipigane nayo. Tia kila kitu ndani ya tangi, nguzo ya katikati iwe mahali pake, funga kifuniko, toa mikono ukauke. Bila nguzo hiyo mwanga unaingia, kifuniko hakikusaidii.

Kabla ya kazi kausha rili kwa draya ya nywele, hewa ya uvuguvugu. Na ile dawa ya mwisho ya kuzuia madoa ya maji, toa filamu kwenye rili kwanza ndipo uichovye. Mabaki yake hukauka kwenye mifereji, na kesho filamu haipiti. Ikishatokea, mswaki mkuukuu na maji moto. Rili za chuma hazina tatizo hilo, ila ikianguka sakafuni ikapinda, basi.

Dijitali je? Unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na ukitaka anga ya ziwa iwe nzito, unashusha buluu kwenye kompyuta ukiwa umekaa. Filamu inataka filta nyekundu kabla hujapiga, na inakula kama stopu tatu za mwanga, kila stopu ikikata mwanga kwa nusu. Kuna hata kamera zisizoona rangi kabisa, kama Leica M Monochrom ya 2012 na Pentax K-3 Mark III Monochrome ya 2023. Pesa ya Leica inanunua boda kadhaa, tuendelee.

Wale mliouliza namna ya kupiga picha negativu, yaani filamu iliyokwisha oshwa, kwa kamera ya dijitali, video iko Ijumaa, bonyezeni kengele.

Joto sasa. Filamu ya HP5 Plus kwenye ID-11, developa yangu ya kutokeza picha, isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Bomba letu mchana halijui nyuzi 20. Ukifika 24, muda unashuka hadi dakika 5 hivi, na chini ya hapo picha haiivi sawasawa. Changanya nusu kwa nusu: mililita 150 za dawa, 150 za maji, kwa rili moja. Hapo ni dakika 13 kwa nyuzi 20, kama 9 kwa nyuzi 24. Umepata nafasi ya kupumua. Developa, dawa ya stopu inayoisimamisha na fikisa inayoimarisha picha, chupa zote zikae beseni moja, zilingane joto.

Tangi lenyewe, kusema kweli, nalipenda. Halivuji hata nikilipindua hivi. Ukipata lililotumika, usianze na bei. Mwambie muuzaji akuonyeshe nguzo ya katikati na gololi zote mbili. Nguzo ikikosekana, mwachie.