Kaunta ya granaiti jikoni kwangu: jiwe zuri, fundi hodari, ofisi ya "kesho mama"

Ukikaa Mwanza halafu ukasema unanunua jiwe, watu wanakucheka. Huku kwetu mlimani, upande wa Isamilo, mawe yapo mpaka uani. Mume wangu aliniuliza inakuwaje tulipie granaiti ya India wakati tumelala juu ya granaiti. Swali la haki kabisa. Ila mwamba wa hapa nauona ukipasuliwa kwa moto na nyundo upate kokoto na mawe ya msingi, wakati slabu nyembamba zilizong'arishwa nilizoonyeshwa mjini zote zilikuwa za kutoka nje.

Kaunta yetu ya zamani ilikuwa ya zege iliyofunikwa tailizi, kama ilivyo kwa wengi. Tailizi zenyewe hazikuwa na neno. Grauti, ile saruji ya kuziba kati ya tailizi, ndiyo ilinichosha. Unga wa ugali, magamba ya sato, mafuta ya kukaangia, vyote vinaishia kwenye ile mistari. Unasugua na mswaki leo, keshokutwa imeshakuwa nyeusi tena.

Yadi niliyokwenda wanazisimamisha slabu zikiegemea fremu za mbao, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu jiwe likibebwa kifudifudi bila kushikiliwa katikati linakatika kwa uzito wake lenyewe. Muuzaji alinikazania nyeupe yenye michirizi ya kijivu: "Dada, hii granaiti ndiyo inatoka sana sasa hivi." Nikaomba kipande cha mabaki. Nyumbani nikakikamulia limau, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi palipokuwa na limau mng'ao umetoka, pamebaki doa lililofifia. Ilikuwa marumaru. Marumaru imeumbwa na kalisi kabonati, na tindikali inaila. Jikoni kwenye ndimu, siki na nyanya kila siku itachakaa mapema. Granaiti haijali limau.

Nikachukua ile nyeusi yenye vimulimuli vya dhahabu, Black Galaxy, inayochimbwa Chimakurthy, jimbo la Andhra Pradesh huko India. Wanajiolojia wanaiweka kwenye kundi la gabro, sio granaiti, lakini dukani kila jiwe gumu linalong'aa ni granaiti na sikuona faida ya kubishana. Kilichonivutia ni kwamba hainywi mafuta hovyo. Mawe ya rangi ya mwanga mara nyingi yanahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, tena kwa kurudia. Jaribio lake ni rahisi: dondoshea maji, subiri dakika chache, ukifuta ukakuta pamekuwa peusi zaidi ujue jiwe linakunywa.

Sasa fundi. Ofisi ya ile yadi ilikuwa imeshatuma mtu na tepu, kaandika urefu na upana, kaondoka. Fundi wa kukata alipofika hakuvigusa vile vipimo. Aliomba maboksi matupu, akayakata na kuyapanga juu ya kaunta mpaka yakakaa sawasawa na ukuta, akaandika juu yake kwa kalamu: hapa sinki, hapa jiko, hapa ukuta umeingia ndani. Kumbe kona yetu haina pembe mraba hata kidogo. Tungefuata ile karatasi ya ofisi, pengo la ukutani lingepitisha kidole. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza granaiti gani nzuri, namuuliza kwanza nani atakayeikata.

Gari linaishia barabarani, kuanzia pale ni ngazi. Jiwe la unene wa sentimita 2 lina zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na vijana walilipandisha likiwa wima, kwa mikanda, wakipumzika kila kona. Niliogopea kipande cha sinki. Pale mbele ya tundu panabaki ukanda mwembamba wa jiwe, na ndipo panapovunjikia. Fundi alikuwa ameufunga ubao mrefu kwa klampu kuambaa na ukanda ule, na hakuufungua mpaka kipande kilipolala mahali pake na pimamaji likakubali.

Kijana mmoja alitaka kupunguza kona kwa grinda kavu humo humo jikoni. Fundi akamtoa nje, akampa ndoo ya maji. Nilifurahi, na si kwa ajili ya makabati yangu tu. Vumbi la mawe yenye madini ya quartz lina silika, inayoharibu mapafu ya wakataji taratibu, na yule kijana hakuwa na barakoa.

Kwenye hela ndipo nina kinyongo. Bei niliyotajiwa ilikuwa ya mita moja ya urefu, basi. Tundu la sinki, kung'arisha ukingo wa mviringo, kipande kifupi cha ukutani na kupandisha mlimani vyote vilikuja pembeni, na jumla ikapanda karibu theluthi. Hakuna kilichokuwa cha uongo, ila hakuna aliyekitaja kabla. Dai karatasi yenye kila kitu, hata tundu la bomba.

Halafu silikoni ya kuzunguka sinki. Waliyoweka ilianza kuota ukungu mweusi na kubanduka. Nikapiga simu. "Kesho mama." Kesho ikazaa kesho nyingine, mwishowe nikanunua mwenyewe silikoni ya bafuni, ile ya kuzuia ukungu, jirani akanisaidia kupaka.

Kuhusu matumizi, sina malalamiko makubwa. Chapati zinasukumika vizuri kwenye ubaridi wa lile jiwe. Sufuria ya moto halishtuki nayo, ingawa mimi bado natanguliza kitambaa. Alama za mikono yenye mafuta zinaonekana sana, na unga ndio usiseme, kwa hiyo kitambaa hakikauki. Glasi zimeshavunjika kadhaa. Fundi alinionya: "Mama, ukiangusha sahani hapa, ulilie sahani, jiwe liache."

Jiwe nalipa tano kati ya tano, fundi vilevile, ofisi mbili. Bafuni nataka kipande kidogo cha kuwekea beseni la kunawia, na nitaanza kwa kumpigia fundi kwanza, aniambie yeye nikanunue yadi gani.