GIMP na picha ya babu: nilivyofuta ndui nikidhani ni ukungu

Picha ni ya saizi ya kadi ya posta, nyeusi na nyeupe. Nyuma ina mhuri wa studio uliofifia na maandishi ya wino: Tanga, 1964. Babu amesimama, kanzu na koti, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua, na nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na ngazi. Ndiyo picha yake pekee iliyobaki. Miaka yote hiyo ilitundikwa ukutani kwa bibi, na unyevu wa pwani haukuionea huruma. Ukungu umeacha madoa mwili mzima, mkunjo umekata kifuani, na mende wamekula pembe ya chini.

Nilianza na njia ya mkato. Nikapakua programu ya simu inayotumia akili mnemba, nikapiga picha ile picha, nikabonyeza mara moja. Sekunde chache tu, sura ikatoka kali, macho yanang'aa, ngozi laini kama ya mtoto. Nilifurahi kweli. Nikamtumia shangazi, shangazi akampelekea bibi simu. Bibi akatazama kwa muda, akauliza, "Kijana mzuri. Wa nani huyu?"

Swali hilo lilinichoma, ila lilinifumbua macho. Programu za namna hii zimefundishwa kwa sura za watu wengi mno, na pale ambapo picha haina habari za kutosha zinajaza kwa kukisia. Babu yangu hakuwa miongoni mwa sura hizo. Kwa picha ya mandhari au ya jengo sina ugomvi nazo. Kwa sura ya mzee aliyefariki, na anayemkumbuka bado yupo hai, sizitaki tena.

Ndipo nikarudi GIMP, programu ya kuhariri picha niliyokuwa nayo kwenye kompyuta kwa ajili ya mabango ya shughuli tu. Ni ya bure kabisa, inakubali Windows, macOS na Linux, na ni ya zamani: waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, katikati ya miaka ya 1990. Mimi natumia toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2025. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na haikulemewa.

Kabla ya programu, kuna skani, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Pale stesheneri walitaka kuniskania kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) wanipe JPEG, faili lililobanwa. Nikaomba dpi 600, faili la TIFF lisilobanwa hivyo, na kwa rangi, ingawa picha ni nyeusi na nyeupe. Kijana akanishangaa, lakini alikubali. Kwa saizi ya sentimita 9 kwa 14 unapata pikseli kama 2,100 kwa 3,300, zinazotosha kuusogelea uso hadi uone kila kidoa. Rangi nayo ina sababu. Picha ikizeeka hupata madoa ya njano na kahawia, na madoa hayo huonekana sana kwenye chaneli ya bluu (picha ya rangi huundwa na chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu), huku kwenye chaneli nyekundu yakififia. Nilipozitenganisha chaneli tatu nikabaki na ile nyekundu, karibu nusu ya uchafu ulikuwa umeondoka kabla sijagusa brashi. Skani na upande wa nyuma pia, maana ule mhuri na ule mwaka ni sehemu ya picha.

Kazi yenyewe ni ya zana mbili. Clone inanakili sehemu moja kwenda nyingine kama ilivyo. Heal inanakili pia, lakini inachanganya na mwanga wa pale unapopaka, kwa hiyo kiraka hakionekani. Unashika Ctrl, unabofya mahali pazima, kisha unapaka penye doa. Ule mkunjo wa kifuani niliutengeneza kwa Clone, kwa sababu unapita kwenye ukosi wa koti na Heal huvuruga mistari mikali ya namna hiyo. Pazia nikalipitia kwa Heal, kidoa baada ya kidoa. Jioni nne ziliisha kwenye pazia peke yake.

Jioni ya tano nikafika usoni. Madoa mashavuni yalikuwa mengi, madogo, ya duara. Nikayafuta yote. Nikaona nimefanya kazi nzuri, nikamtumia tena shangazi.

Jibu lilikuja kwa sauti, na sauti ilikuwa ya bibi mwenyewe: "Mwanangu, mbona umemtoa ndui? Babu yako aliugua ndui utotoni. Mashavu yake yalikuwa na mashimo. Mimi niliolewa na mtu mwenye ndui."

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia, na kizazi chetu hatujawahi kumwona mgonjwa wa ndui, kwani Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 1980 kuwa ugonjwa huo umetokomezwa duniani. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimefanya kwa mkono wangu jambo lile lile nililolilaumu kwenye simu.

Kilichoniokoa ni kwamba tangu mwanzo nilifanya kazi juu ya nakala ya leya, yaani tabaka la picha, ya awali ikiwa chini haijaguswa. Nikaongeza maski, kifuniko cha kuficha sehemu za leya bila kuzifuta, kwenye leya ya juu, nikapaka nyeusi mashavuni, na ngozi ya awali ikachomoza, ndui pamoja na ukungu. Sasa nikawa na kazi ya kuvitenganisha. Nikakuza hadi asilimia 400 nikatazama kimoja kimoja, na tofauti ipo. Taa ya studio ilitoka kushoto mwa picha. Shimo la ndui lina kivuli kidogo upande wa kushoto na mng'ao mwembamba upande wa kulia, kwa kuwa ukuta wa shimo ulio karibu na taa ndio unaokosa mwanga. Doa la ukungu halijui taa iko wapi. Ni bapa, na madoa yaleyale yamesambaa hadi kwenye ukosi wa kanzu na kwenye pazia, ambako hakuna ngozi. Nilihesabu mashimo 17 shavu la kushoto, 11 la kulia. Hayo nikayaacha. Mengine nikayaondoa.

Pembe iliyoliwa na mende ilikuwa na ncha za vidole viwili vya babu. Sikuvibuni. Nilikata ukingo wa picha ukapita juu kidogo, meza ikabaki nusu.

Kwa anayetaka kujaribu, GIMP haijihifadhi yenyewe. Umeme ulikatika siku ya pili nikapoteza saa nzima ya kazi, na tangu hapo kila dakika kumi nabonyeza Ctrl na S. Ukihifadhi unapata faili la XCF lenye leya zote, na hilo usilifute hata ukishatoa JPEG ya kutuma WhatsApp. Pia Heal ikitumika sana hulainisha ngozi kupita kiasi, hivyo rudisha chembechembe kidogo kwa kichujio cha kelele (Noise) mwishoni. Kujifunza kunahitaji subira. Nisingemshauri mtu mwenye picha 200 na wiki moja.

Tulichapisha kwenye karatasi isiyong'aa, sentimita 20 kwa 30. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole shavuni, hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kumsimulia mjukuu wake mdogo habari za ile koti, kwamba haikuwa yake, alikodishiwa pale pale studio.

Ile ya awali haijarudi kwenye fremu. Kwenye joto letu, uso wa picha hulainika na unyevu, unagandana na kioo, na siku utakayoivuta utabandua sura. Iko kwenye bahasha ya karatasi, kabatini, mbali na ukuta.