Bia nyeusi tamu kama keki: geuza kopo kabla hujalipa

Mwezi uliopita nililipa dola 22 kwa makopo manne ya bia nyeusi ya Marekani. Kopo limechorwa kipande cha keki ya chokoleti, na muuzaji kaniapia kwamba nitajilamba. Nikajilamba kweli. Kopo la kwanza halijaisha, tumbo likaanza kunguruma kama lori la mkaa linalopanda mlima wa Kitonga, na wageni sebuleni wakajifanya hawasikii.

Mchawi ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Chachu ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo utamu wake unabaki mpaka kwenye glasi yako. Viwanda vidogo vinavyotaka bia ionje keki huimwaga bila huruma. Sasa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki, mtindi unapita, chai ya maziwa inapita, lakini glasi nzima ya maziwa ukubwani ni kesi. (Ndugu zetu wafugaji, hamhusiki, kaeni pembeni.)

Kopo la Marekani lazima liwe na onyo la serikali kuhusu pombe na ujauzito. Kuandika kwamba humo ndani kuna kitu cha maziwa, sheria haimlazimishi mtengenezaji. Nilirudi dukani kulalamika, nikaambiwa "ni sukari tu hiyo." Dola 22, mbuzi kwenye gunia, halafu sukari tu!

Kwa hiyo orodha yangu ya bia nyeusi nimeipanga kwa tumbo.

Ya kwanza, na sioni aibu kuipendelea, ni Samuel Smith's Organic Chocolate Stout. Inatoka Tadcaster, Yorkshire, kwenye kiwanda cha tangu 1758, kilevi asilimia 5. Haina laktosi, utamu unatokana na kimea, sukari ya miwa na kakao. Itoe kwenye friji nusu saa kabla. Ikiwa baridi sana imefunga mdomo, baridi ikipungua kidogo inafunguka: povu la rangi ya kahawia, harufu ya kopo la kakao lililofunguliwa sasa hivi, na mwishoni uchungu mdogo unaokufanya utake funda jingine. Mimi naisindikiza na kashata za nazi. Keki juu ya bia ya keki ni kujikomoa.

Inafuata Founders Breakfast Stout ya Grand Rapids, Michigan. Ina oti, chokoleti na kahawa za Sumatra (Indonesia) na Kona (Hawaii), na ulaini wake ni wa hiyo oti, maziwa hayamo. Ila ni asilimia 8.3, usiinywe kwa kasi ya soda.

Left Hand Milk Stout ya Longmont, Colorado, ni nzuri, laini kama krimu, na angalau jina lenyewe linakutahadharisha. Kama tumbo lako linaruhusu, nunua. Langu limekataa.

Ukitaka rahisi, Guinness ipo. Si kitindamlo, lakini haina visa.

Dukani tafuta neno "vegan" kwenye lebo, yaani humo hamna kitu cha mnyama, hata maziwa. Lisipokuwepo, na kopo limechorwa aiskrimu, biskuti au keki, muulize muuzaji laktosi kwa jina. Akianza kukuna kichwa, rudisha rafuni.

Makopo yangu matatu bado yako kwenye friji. Jumamosi shemeji yangu Mmasai anakuja kututembelea.