Wi-Fi ya laptopu isiyorudi yenyewe: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Saa nane usiku umeme ulikatika Tabata, Dar es Salaam, ukarudi baada ya kama dakika kumi. Najua kwa sababu feni ilisimama nikaamka kwa joto. Ilipoanza kuzunguka tena nililala kwa amani, maana laptopu ina betri, na video ya send-off ya mteja, gigabaiti 11, ilikuwa inapanda mtandaoni tangu saa nne. Asubuhi nikaikuta imegota kwenye asilimia 38. Ruta inawaka taa zote, simu yangu iko kwenye Wi-Fi, televisheni ya sebuleni iko kwenye Wi-Fi. Laptopu peke yake imekaa na ile alama ya dunia kwenye kona ya chini, inasubiri mtu aje abonyeze. Nilibonyeza mara moja, ikaunganika ndani ya sekunde tatu, bila hata kuuliza neno la siri.

Hizo sekunde tatu ndizo zimenifanya niandike. Laptopu ilikuwa inaujua mtandao, ilikuwa na neno la siri, na mawimbi yalikuwa yamejaa. Ilichokosa ni kurudi yenyewe. Mteja alikuwa ameahidi ndugu zake kwamba wataiona video mchana ule, wakaiona usiku.

Kwa hiyo mwongozo huu hautagusa kasi. Kasi imeandikwa kwenye kila boksi kwa tarakimu kubwa kuliko jina la bidhaa. Nami nanunua kwa kuuliza swali moja tu: umeme ukikatika na kurudi mimi nimelala, kifaa hiki kitarudi kwenye Wi-Fi bila mkono wangu? Hakuna boksi linalojibu hilo, na nyumbani kwetu ndilo swali la kila wiki.

Kabla hujatoa hata shilingi

Bonyeza jina la mtandao wako uhakikishe kisanduku cha "Connect automatically" kina tiki. Fahamu pia kwamba ukikata Wi-Fi kwa mkono wako, Windows huchukulia umeamua hivyo, na haitakurudisha mpaka uunganishe mwenyewe. Kama tiki ipo na bado hairudi, futa mtandao huo kwenye orodha, uunganishe upya kwa neno la siri.

Kisha ingia Device Manager, fungua Network adapters, bonyeza kadi yako ya Wi-Fi (kile kipande cha ndani kinachoshika mawimbi) mara mbili, nenda ukurasa wa Power Management, toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kwa laptopu nyingi ugonjwa unaishia hapo. Laptopu kadhaa mpya hazina ukurasa huo kabisa, na hilo si kosa lako.

La tatu ndilo ninalotaka ulisome polepole, kwa sababu sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zilianza maisha yake Marekani. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia ziitwazo chaneli, 1 hadi 13 katika nchi nyingi, lakini Marekani vifaa vya nyumbani hutumia 1 hadi 11 tu, na kadi nyingi zilizotengenezwa kwa soko lile hazizioni chaneli 12 na 13. Sasa umeme unakatika. Ukirudi, ruta inawaka upya na kujichagulia chaneli. Ikiangukia 13, simu yako inaiona, televisheni inaiona, laptopu haioni kitu. Kesho umeme ukikatika tena, ruta inachagua 6, laptopu inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu anaweza kuzunguka kwa mafundi mwaka mzima akitafuta ugonjwa unaokuja na kuondoka namna hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, toa chaneli kwenye "auto", weka 1, 6 au 11. Ni bure.

Gigahezi 5 nayo ina yake. Chaneli 52 hadi 144 ruta inashiriki na rada, kwa hiyo kila inapowaka lazima kwanza isikilize kwa dakika nzima kabla ya kurusha mawimbi. Laptopu inayotafuta mara moja na kukata tamaa haitaukuta mtandao. Weka 36, 40, 44 au 48.

Ukishayafanya haya na bado inagoma, ndipo uchukue pochi.

Jaribio la kaunta

Nililijua baada ya kupoteza hela, wewe lifanye kabla. Iwe unanunua laptopu nzima, kadi au Wi-Fi ya USB, mwombe muuzaji dakika tano. Washa hotspot ya simu yako, unganisha, weka tiki ya kujiunganisha. Zima hotspot, hesabu dakika moja, washa tena, weka mikono mgongoni. Ikirudi yenyewe, funika laptopu ilale dakika mbili, ifunue, usiguse kitu. Mwisho izime kabisa na kuiwasha. Kama simu ni iPhone, acha ukurasa wa hotspot ukiwa wazi muda wote, la sivyo simu yenyewe inaacha kujitangaza na utalaumu kifaa kisicho na kosa.

Zikipita zote tatu, nunua. Ikikwama moja, rudisha mezani. Muuzaji akikuambia "dada, ukifika nyumbani itakaa sawa," ondoka.

1. Kadi ya ndani ya Intel

Sitazunguka: mimi ni mtu wa Intel. Kwenye kadi za Wi-Fi sioni sababu ya kuhangaika na jina jingine kama laptopu yako inaipokea. Draiva zake, yaani programu zinazoiendesha kadi, zinapatikana moja kwa moja kwao, zinasasishwa, na kadi ikitoka usingizini inaukumbuka mtandao wake. Laptopu yangu ilikuja na kadi ya kampuni nyingine. Nilipoibadilisha nikaweka Intel AX200, umeme umeshakatika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na haijanilaza njaa hata siku moja.

Nililipa elfu sitini na tano kwa kadi na elfu kumi kwa fundi. Ni hela, lakini inakaa ndani, haichukui tundu la USB, na Bluetooth inakuja humohumo.

Hapa sasa fungua macho. AX200 iliingia sokoni 2019, AX210 ikafuata 2020, na zote mbili zinakaa kwenye laptopu nyingi zenye tundu la M.2, lile dogo la kadi la siku hizi. Lakini kuna AX201 na AX211. Kwa macho zinafanana kabisa na wenzake, zinaingia kwenye tundu lilelile, skrubu inakaza vizuri. Ila hizo mbili zimeacha sehemu ya kazi yake kwa prosesa, kwa hiyo zinahitaji prosesa ya Intel ya kizazi kinachozikubali. Ukiiweka kwenye laptopu ya miaka ya nyuma, au yenye prosesa ya AMD, ni sawa na tundu tupu. Nimeambiwa kaunta kwa sauti ya uhakika kabisa kwamba "zote ni moja." Si moja. Soma tarakimu ya mwisho kwenye lebo: ya 0 chukua, ya 1 iache mpaka fundi akuthibitishie.

Pia mwulize fundi kama laptopu yako ina tundu la M.2 au lile refu zaidi la zamani la mini PCIe, maana AX200 haiingii huko. Baadhi ya laptopu za zamani za Lenovo na HP, kama ThinkPad T430, zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, ile programu inayoamsha laptopu kabla ya Windows. Ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, laptopu inagoma kuwaka na kukuonyesha ujumbe wa kosa. Kwa hizo, nenda namba mbili.

Na kaa pale fundi anapofungua. Kadi ina nyaya mbili za antena, kwa kawaida mmoja mweusi na mmoja mweupe, zenye vichwa vidogo kuliko punje ya mchele. Vinabanwa kwa kidole mpaka visikike "tik". Kimoja kikiachwa nusu, Wi-Fi itashika ukiwa karibu na ruta na kupotea ukihamia chumbani, halafu utaambiwa kadi ni mbovu.

2. TP-Link ya USB, lakini ya bendi mbili

Kama laptopu haifunguki au BIOS inakataa, chukua TP-Link Archer T3U. Inashika gigahezi 2.4 na 5. Ukiwa mbali na ruta, Archer T2U Plus yenye antena ndefu inafaa zaidi, ingawa ukisafiri nayo antena inakera. TL-WN725N ni ndogo kama ukucha na bei yake inavutia, ila ina 2.4 peke yake. Kwenye mtaa wenye nyumba zilizobanana kama wetu, masafa hayo yamejaa Wi-Fi za majirani.

Wi-Fi ya USB ina ugonjwa wake: Windows hupenda kuyazima matundu ya USB yasiyotumika. Nenda Power Options, kwenye mipangilio ya ndani ya USB, zima "selective suspend". Halafu chagua tundu moja uliachie hapo. Vifaa vingi vya USB havina namba ya utambulisho ya kila kimoja, kwa hiyo ukikihamishia tundu jingine Windows inakiona kama kifaa kipya. Na kwa kuwa mitandao iliyohifadhiwa inawekwa kwa kila kifaa peke yake, utaulizwa neno la siri upya. Wasomaji wawili waliniandikia kwamba Wi-Fi yao "inasahau". Wote wawili walikuwa wanahamisha tundu kila wakichaji simu.

3. UPS ndogo ya ruta

Hii haitibu laptopu, inazuia ugonjwa usianze. Ni kile kiboksi chenye betri kinachokaa kati ya chaja na ruta. Umeme ukikatika ruta haizimiki, kwa hiyo laptopu haina cha kupoteza. Kwa anayepakia mafaili usiku ningeiweka namba moja, kama isingekuwa kwamba laptopu yenye kadi mbovu itakuangusha hata ukiifunika tu na kuifunua.

Soma volti chini ya ruta kabla ya kununua. Nyingi ni 12, lakini zipo za 9, na kuchomeka 12 kwenye ruta ya 9 ni kuiua. Kama una faiba na kile kisanduku cha faiba kimetengana na ruta, vyote viwili vinahitaji umeme. Kuwasha ruta peke yake kutakupa Wi-Fi iliyojaa isiyo na intaneti.

4. Ruta mpya

Usinunue kwa sababu hii. Kama simu zinarudi zenyewe, ruta ni nzima. Karekebishe chaneli.

5. Wi-Fi za USB zisizo na jina

Zile zenye maandishi ya "802.11n" tu (kizazi cha zamani cha Wi-Fi) na CD ndogo ndani ya boksi. Laptopu yako pengine haina hata pa kuingizia CD. Ziache.

Kuhusu wauzaji

Hiyo namba tano ndiyo niliyoinunua kwanza, Kariakoo, elfu kumi na tano. Nilimweleza kijana wa dukani tatizo langu kwa utulivu: Wi-Fi ipo, inashika, ila hairudi yenyewe umeme ukikatika. Akaniambia, "Dada yangu, hii ndiyo dawa yake, wateja wote wa tatizo hilo nawapa hii." Nikarudi nyumbani. Siku ya pili nilipoifunua laptopu baada ya kulala, kifaa kilikuwa kimepotea kwenye orodha kabisa, mpaka ukichomoe na kukichomeka tena. Kumbe nimebadilisha kubonyeza kwa kuchomoa.

Nilikirudisha na boksi lake na risiti. Akanionyesha maandishi yaliyopigwa chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia, kaka, sikuomba bidhaa, nilieleza tatizo na wewe ukaniambia hii ndiyo dawa. Akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu.

Mstari ule wa risiti unaniuma kila ninapouona. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Mtu aliyekuuzia kitu kwa kukuhakikishia kazi fulani hawezi kujificha nyuma ya muhuri wa mpira aliouchonga mwenyewe. Lakini wengi wetu tunanyamaza, kwa sababu nauli ya kufuatilia elfu kumi na tano inazidi elfu kumi na tano. Wanalijua hilo. Ndiyo maana vitu vya elfu kumi na tano ndivyo vibovu kuliko vyote, na ndiyo maana mnunuzi wa kipato cha chini analipa mara mbili: mara ya kwanza kwa kibovu, mara ya pili kwa kizima.

Duka nililonunulia AX200 liko mtaa wa pili kutoka hapo. Mwenye duka, baba mtu mzima, nilimwamkia, nikamweleza, nikamwomba aandike nyuma ya risiti kwamba kadi ikishindwa kurudi yenyewe kwenye mtandao nairudisha ndani ya siku saba. Alinitazama kidogo, akavaa miwani, akachukua kalamu. "Siku saba, mwanangu?" akauliza. Nikasema ndiyo, baba. Akaandika kumi na nne, akaweka sahihi.