Splinti za miguu kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: uzoefu wangu

Binti yangu ana mtindio wa ubongo, na vigimbi vyake vimekaza. Alikuwa akitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, na akiharakisha tu anaanguka. Sasa anavaa splinti za plastiki zinazoanzia chini ya goti hadi kwenye vidole. Nazipendekeza kwa moyo wote, mradi zitengenezwe kwa kipimo cha mguu wa mtoto mwenyewe.

Ili kupata umbo la mguu wake, mtaalamu alimzungushia bandeji ya plasta, akaushikilia mguu, kisigino kimenyooka na kifundo kiko kwenye digrii 90, mpaka plasta ikakauka. Hapo ndipo penye kazi. Mguu ukishikwa umepinda, splinti nayo hutoka imepinda, na hakuna mkanda wa kuinyoosha.

Jozi ya kwanza ilimbana kwenye jicho la mguu. Wekundu wa kawaida hupotea nusu saa hivi baada ya kuvua; wake ulibaki. Tuliirudisha, plastiki ikapashwa moto na kutanuliwa kidogo pale pale, akaacha kulia.

Kumvisha kuna ufundi wake. Kunja goti kwanza ili kigimbi kilegee, sukuma kisigino hadi nyuma kabisa, kisha anza na mkanda wa kifundo, uukaze vizuri. Kisigino kikielea, mtoto anaendelea kutembea kwa vidole humo humo ndani. Soksi iwe ndefu kuliko splinti na isiwe na mikunjo. Viatu navyo viwe vipana, vya kufunguka hadi karibu na vidole.

Siku hizi kisigino ndicho kinachotangulia chini. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kumwona amesimama mezani akichezea vitu kwa mikono miwili, bila kujishikiza popote.

Splinti haiondoi ukakamavu wa misuli, maana chanzo chake kiko kwenye ubongo. Mazoezi ya viungo hayaachwi. Joto nalo linamsumbua, na kuchuchumaa ni vigumu. Zipo zenye bawaba zinazoruhusu kifundo kukunjika, ila mtoto anayetembea amekunja magoti zinaweza kumzidishia kukunja huko, kwa hiyo mwachie mtaalamu achague baada ya kumwona akitembea.

Kabla ya kulipa, uliza kama marekebisho yamo kwenye bei. Watoto hukua haraka, na vidole vikishapita ukingo wa plastiki, splinti hiyo haimfai tena.