Kifurushi cha vipimo vya homoni: damu imechukuliwa vyema, majibu yamekosa saa

Maabara moja ya kibinafsi iliyoko Upper Hill, ambayo sitaitaja jina kwa sababu mazuri yake ni mengi kuliko lalamiko langu, inauza kifurushi cha vipimo vya homoni kwa shilingi 8,500. Ndani yake mna TSH, T3 na T4, yaani homoni zinazohusu tezi ya thairoidi, kotisoli ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, sukari ya damu baada ya kufunga, na HbA1c, kipimo cha sukari ya muda mrefu. Niliagizwa vipimo na daktari aliyetaka kujua kwa nini ninachoka na kusikia baridi hata mwezi wa Februari, wakati Nairobi nzima inalalamikia joto.

Mapokezi ni safi na malipo ni kwa M-Pesa. Mtaalamu aliyenitoa damu aliuliza kwanza kama nimekunywa chai, kisha akapanga chupa zake bila haraka: yenye kifuniko cha manjano kwa homoni, ya zambarau kwa HbA1c, na ya kijivu kwa sukari. Nilipouliza kisa cha hiyo ya kijivu, alieleza kwamba ina dawa ya floraidi inayozuia chembe za damu zisiendelee kula sukari chupa ikisubiri kupimwa, maana pasipo dawa hiyo kipimo kingeonyesha sukari ndogo kuliko iliyokuwa mwilini. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kila mahali, na kwa hilo peke yake ningewapa alama za juu.

Majibu ya thairoidi ndiyo yaliyonifaa zaidi. Tezi hii iliyo mbele ya koo haijiamulii kazi: haipothalamasi, iliyo ndani ya ubongo, huiamsha tezi ndogo ya pituitari, nayo pituitari hutoa TSH ya kuiamuru thairoidi itengeneze T4 na T3, na homoni hizo zinapofika kiwango cha kutosha katika damu huwanyamazisha wakubwa wote wawili. Kwa hiyo thairoidi inapolegea, TSH hupanda, kama mnyapara anayezidi kupaza sauti vibarua wanapozembea. TSH yangu ilikuwa 6.2, ilhali maabara nyingi huchukua takriban 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida; T4 ilikuwa bado ndani ya mipaka. Maana yake ni kwamba tezi inafanya kazi yake, lakini kwa kusukumwa. Daktari hakuandika dawa papo hapo. Alitaka kipimo kirudiwe baada ya miezi michache, kwa kuwa TSH iliyopanda kidogo mara nyingi hushuka yenyewe. Hapa ndipo ninapoona kifurushi kinamtoza mteja bure: TSH ingepimwa kwanza, na T4 ifuate kwa damu ileile endapo TSH imetoka nje ya mipaka. T3 haikuniongezea chochote.

Lalamiko langu liko kwenye kotisoli. Homoni hii hupanda alfajiri, hufikia kilele karibu na wakati wa kuamka, kisha hushuka kutwa nzima hadi usiku wa manane. Foleni ilikuwa ndefu na damu yangu ilichukuliwa saa tano kasoro, lakini karatasi ya majibu ililinganisha kiwango changu na mipaka ya asubuhi bila kutaja popote saa ya kuchukuliwa kwa sampuli. Namba iliyoonekana kuwa ya chini ilinitia hofu ya bure mpaka daktari alipouliza saa. Vilevile hakuna aliyeniuliza kuhusu vidonge ninavyomeza, ingawa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hubadilisha kabisa usomaji wa kotisoli, na biotini, vitamini ambayo maduka ya dawa mjini huuza kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya thairoidi hadi TSH ionekane ya chini na T4 ya juu kuliko hali halisi. Fomu ya mistari miwili ingetosha.

Kuhusu sukari sina la kulalamikia. Yangu ilikuwa chini ya milimoli 7.0 kwa lita, kiwango ambacho kuanzia hapo kisukari huanza kushukiwa, na HbA1c, inayoonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ilikubaliana nayo. Chini ya karatasi waliandika kwamba HbA1c huweza kupotosha kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu, tahadhari ya maana sana kwa wagonjwa wengi wa hapa kwetu.

Majibu yalifika kwa simu jioni ileile. Nikirudi nitalipia TSH na sukari pekee, kwani hata wenyewe wanakubali kuviuza kimoja kimoja ukiuliza. Aliyeandikiwa kotisoli afike mlango unapofunguliwa saa moja asubuhi, ataje dawa zote anazotumia, na aombe saa iandikwe kwenye chupa mbele ya macho yake.