Ziara ya Masada na Bahari ya Chumvi: mlima ulipunjwa muda

Safari ya siku moja inayoondoka Yerusalemu saa tisa usiku, kupanda Masada, ngome ya kale iliyo juu ya mlima wa jangwani, kwa miguu kabla ya jua kuchomoza na kuishia katika maji ya Bahari ya Chumvi, ni safari ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa mwenye magoti mazima, ingawa kampuni iliyotuchukua iligawa saa za siku hiyo vibaya.

Njia ya Nyoka, iliyoko upande wa mashariki wa mlima, ina urefu wa takriban kilomita 2 na hupanda zaidi ya mita 300 kwa ngazi za mawe na kona zinazofuatana bila kukoma. Ugumu wake hautokani na mwinuko peke yake. Mguu wa mlima uko chini ya usawa wa bahari, hakuna mti wala kichaka cha kukufunika, na hata gizani mawe bado yanatoa joto lililobaki tangu mchana wa jana. Siku za joto kali wasimamizi wa hifadhi huifunga njia hiyo mapema asubuhi, kwa hiyo kuamka usiku ni lazima, na katika jambo hili ratiba ya kampuni ilikuwa sahihi kabisa. Dereva alifika kwa wakati, na kiongozi alimkagua kila mtu maji na viatu kabla hatujaanza kupanda.

Kuna kigari cha kebo kinachofika juu kwa dakika chache, na wengi watakichagua. Mimi nasisitiza miguu, kwa sababu ni jasho linalokufundisha kwa nini ngome hii iliogopwa. Kulipoanza kupambazuka nyuma ya milima ya Yordani, tuliona chini yetu mistari ya mawe iliyonyooka ikichora pembe nne juu ya mchanga: hayo ni mabaki ya kambi za jeshi la Kirumi, nane kwa jumla, zilizoizunguka Masada wakati Warumi walipowazingira waasi wa Kiyahudi waliojihami humo. Mtu anayehema katikati ya njia ile haelezwi mara mbili kwa nini jemadari Flavius Silva hakuwatuma askari wake wapande huko mmoja mmoja, bali alijenga tuta kubwa la udongo na mawe upande wa magharibi, likafika karibu na ukuta.

Juu ndiko kiongozi wetu alikonifurahisha zaidi. Alitenganisha kwa uangalifu yaliyofukuliwa na yaliyoandikwa. Habari za mwisho wa waasi hao, mwaka 73 au 74 B.K., zinatokana na mwandishi mmoja tu wa kale, Yosefo, anayesema kwamba watu 960 walikufa kwa mikono yao wenyewe badala ya kutekwa, wakasalia wanawake wawili na watoto watano waliojificha. Kiongozi alisimulia hayo kwa heshima, kisha akaeleza kwamba wasomi wanaendelea kujadiliana ni kiasi gani cha simulizi hiyo kinaungwa mkono na uchimbaji wa mwanaakiolojia Yigael Yadin wa miaka ya 1963 hadi 1965. Alituonyesha pia mstari mweusi uliochorwa kwenye kuta: mawe yaliyo chini yake yalikutwa mahali pake, na yaliyo juu yake yamepangwa upya katika zama zetu. Ukishaujua mstari huo, unayatazama magofu yote kwa jicho jingine.

Hamamu ya Mfalme Herode, aliyejenga majumba juu ya mlima huu, ina chumba ambacho sakafu yake ilibebwa na vijiguzo vifupi vingi ili hewa ya moto ipite chini, na baadhi yake bado vimesimama. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni maji. Mafuriko ya mabonde jirani, yanayokuja mara chache kwa mwaka, yaliongozwa kwa mifereji hadi kwenye mabirika 12 yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, yenye uwezo wa takriban mita za ujazo 40,000. Juu kwenyewe tulishuka ngazi ndani ya birika jingine, tukagusa lipu iliyopakwa miaka elfu mbili iliyopita ili maji yasivuje. Nje, kwezi weusi wenye rangi ya chungwa mabawani walikuwa wakitua karibu kabisa na miguu yetu.

Hapo ndipo tulipoambiwa muda umekwisha. Hatukushuka hadi ngazi ya chini ya jumba la Herode la kaskazini, ambako kuna lipu yenye michoro ya rangi, na kwangu hiyo ni hasara kubwa. Baadaye tulikalishwa karibu saa nzima katika duka la matope na krimu ambalo hakuna aliyeliomba. Hilo ni kosa la kampuni, na linarekebishika.

Tuliogelea Ein Bokek, ufukwe wa umma usio na kiingilio, wenye vivuli na mabafu ya maji baridi. Chumvi ya huko ni karibu mara kumi ya ile ya bahari za kawaida. Maji yanateleza mwilini kama mafuta, na lengelenge nililolipata kisiginoni wakati wa kupanda liliwaka mara moja. Elea chali tu; ukijigeuza kifudifudi miguu hupanda juu na uso huzama, na maji hayo yakiingia mdomoni au machoni ni hatari. Ukitaka kusimama, vuta magoti kifuani kwanza. Usinyoe siku moja kabla, na vaa ndala, kwani chumvi iliyoganda chini hukata.

Kampuni ingepaswa pia kuwaambia wateja kwamba maji ya Ein Bokek ni ya mabwawa yanayojazwa kwa pampu kutoka upande wa kaskazini, ambako Bahari ya Chumvi yenyewe, ambayo kwa kweli ni ziwa, hushuka zaidi ya mita moja kila mwaka kwa kuwa maji ya Mto Yordani huchukuliwa kabla hayajafika. Ufukwe wa Ein Gedi, ulioko upande huo wa kaskazini, ulifungwa kwa sababu ya mashimo yanayotokana na kushuka huko.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi mtakaa saa ngapi juu ya mlima, kama kuna kituo cha duka, na kama kigari cha kushukia kimo katika bei. Kwetu kiingilio kilikuwamo, lakini kigari kililipiwa peke yake.